Fataki Zilizokataa Kukaa

Jumamosi, 24 Agosti

Kitabu hiki nilikinunua kwa ajili ya vipimo vya baruti, na kurasa zake za mwanzo zimejaa tarakimu tupu. Kuanzia leo nitaandika na maneno, maana leo mashine imenifanyia kitu ambacho haijawahi kukifanya kwa miaka kumi na tisa.

Misitu ya upande wa Idaho inaungua wiki ya pili sasa, na moshi umetulia juu ya mashamba ya ngano kama blanketi. Jua limepauka hata unaweza kulikodolea macho bila kuumia, kama kiini cha yai kwenye sahani. Marlys, mke wangu, amefunga madirisha yote na bado anakohoa.

"Moshi huu utatuua, Lee."

"Moshi gani? Mimi sisikii harufu yoyote."

Akanitazama kama mtu anayengoja nicheke. Sikucheka. Kweli sikuwa nasikia harufu yoyote.

Nikashuka chumba cha chini ya nyumba, kwenye mashine yangu ya kujazia risasi. Naipenda sauti yake. Mkono wa kushoto unaweka ganda tupu. Wa kulia unavuta wenzo chini, unaurudisha juu, kisha unausukuma mbele hadi ugote. Sahani inazunguka hatua moja na maganda yaliyokaa juu yake yanahudumiwa yote kwa mpigo. Hili linapewa fataki, yaani kile kikofia cha shaba, kidogo kama punje ya dengu, ambacho ndicho huwasha baruti. Lile linapewa baruti yenyewe. Jingine linavishwa kichwa. Risasi iliyokamilika inadondoka kwenye kibakuli, kling. Ukishaushika mwendo, mawazo huondoka yenyewe. Nimewahi kujaza mia tatu huku nikielea juu ya ngano ya utotoni, nimepakatwa na baba kwenye trekta, na vumbi la makapi linameta.

Leo nimezinduliwa na punje za baruti mezani, nyeusi, ndogo kama mbegu za haradali. Ganda moja lilikuwa limepita bila fataki, na baruti ikavuja kupitia tundu lake. Baadaye jingine. La tatu lilipata fataki, lakini imekaa juujuu. Ukipapasa kitako cha risasi unaisikia kama chunusi.

Mia moja: tatu mbovu.

Jumatatu, 26 Agosti

Moshi. Mia moja: nne.

Jumamosi, 31 Agosti

Nimeifungua mashine yote na kuipanga juu ya taulo jeupe. Kuna mrija wa shaba unaosimama wima, na fataki mia zinakaa ndani yake moja juu ya nyingine kama vijana kwenye foleni. Chini yake kuna ulimi mwembamba wa chuma unaokwenda na kurudi: unapokea fataki moja, unaipeleka chini ya ganda, unarudi kuchukua nyingine. Chini ya ulimi huo nikakuta punje mbili za baruti zimesagika. Nimesafisha kwa spiriti, nikapuliza, nikafuta, nikafunga.

Asubuhi nzima imeisha hivyo. Mwanga wa moshi uliingia kwa kidirisha cha juu, wa rangi ya machungwa, ukapaka kila skrubu dhahabu. Kwa muda sikujua kama nina miaka sabini na miwili au kumi na miwili.

Hamsini bila kosa hata moja. Nimefurahi kama mjinga.

Jumatatu, 2 Septemba

Sikukuu ya wafanyakazi ya kwetu, ya Septemba. Joleen, binti yetu, amekuja na mumewe Curtis LaMere, wakaleta nyama ya paa ya kuchoma. Curtis ni fundi wa vichwa vya treni hapo mjini Havre, mtu wa Rocky Boy, eneo walilotengewa Wamarekani wa asili, mpole, na ana tabia ya kutabasamu upande mmoja kabla hajasema neno. Kwenye mashindano ya klabu yetu ya kulenga shabaha hakuna anayempita kwa bastola, na risasi zote anazopiga ni zangu. Huwa anabeba na maboksi ya wenzake kwenye pikapu yake na kuwagawia uwanjani.

Leo ameniletea ndoo ya maganda matupu ya jeshi, kutoka kwa binamu yake.

"Haya, mzee, nimekuletea dhahabu."

"Dhahabu gani hii? Maganda ya jeshi yamebanwa ukingo wa tundu. Fataki haiingii."

"Si una kile kifaa cha kuupanua huo ukingo? Tena una muda. Wewe mstaafu, siku hizi kazi yako ni kugombana na paka tu."

"Paka ndiye anayeanza," akasema Marlys.

Tukacheka. Jioni nimejaza mia moja, nusu yake kutoka kwenye ndoo ile. Sita mbovu.

Jumapili, 8 Septemba

Nimeota ng'ombe dume ameingia jikoni, nami namsukuma kwa mabega yangu yote atoke. Nilipoamka taa ya kando ya kitanda ilikuwa sakafuni na ngumi yangu ina damu. Marlys amehamia chumba cha zamani cha Joleen. Anasema ni ndoto ya nne mwezi huu, na kwamba mimi napiga mateke kama punda.

Ajabu, ndoto yenyewe ilikuwa tamu. Ng'ombe alikuwa na macho ya baba.

Jumamosi, 14 Septemba

Najuta, ila naandika.

Leo yalikuwa mashindano ya kabla ya mwisho. Moshi umeondoka, mbingu imeoshwa, na milima ya Sweet Grass imekaa kaskazini kama kitu kilichochorwa kwa bluu halafu kikasahauliwa. Kabla ya zamu ya Curtis nikampa boksi mkononi, nililolijaza jana.

"Haya, za moto moto hizi."

Akalipokea, akalitazama boksi, akanitazama mimi. Akajaza bastola.

Shabaha ni sahani nane za chuma. Akaangusha tano za kwanza haraka hivi kwamba mlio mmoja uliugonga mwingine. Ya sita: *tk*. Hakuna mlio. Akavuta, akaitupa ile risasi, akaendelea: *tk* tena. Wendell Stroh, mgawa barua mstaafu ambaye ndiye mwenye saa ya mashindano, akateremsha mkono polepole. Saa ikaenda, Curtis akapitwa na kijana wa mji wa Chester asiyemfikia hata kwenye kisigino.

Nikaokota zile mbili. Fataki zote zimekaa juujuu. Kila mtu akaziona mkononi mwangu.

"Bastola yangu chafu," Curtis akasema kwa sauti ya wote kusikia. "Sijaisafisha tangu Julai."

Angeniacha nipite kwenye mlango huo alionifungulia. Sikupita.

"Bastola gani?" nikasema. "Ni ile ndoo yako. Nimetunza mashine miaka kumi na tisa, hukumbuki hata siku moja imekosea, halafu unaniletea takataka za kwenu zinaniharibia kila kitu."

Curtis akatabasamu upande mmoja, lakini safari hii tabasamu halikufika popote. Akafungua chumba cha risasi kwenye bastola, akaonyesha kwamba ni tupu kama sheria inavyotaka, akaiweka kwenye mkoba, akaondoka. Joleen akanipita bila kuniangalia.

Njiani kurudi Marlys ndiye aliyeendesha. Tukaenda maili kumi. Halafu akasema, "Lee, wewe si mtu wa maneno kama yale."

Nikamjibu kwamba nimechoka.

Jumanne, 17 Septemba

Nimetoa maganda yote ya jeshi. Nimebakiza yangu tu, niliyoyajaza mara kumi na ninayoyajua kama kuku wangu.

Mia moja: tisa.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimebadilisha kile kipande kidogo cha plastiki kinachokaa mdomoni mwa mrija. Mia moja: nane.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimelegeza skrubu ya ulimi, nikaikaza, nikailegeza robo. Nimebadilisha springi. Nimebadilisha fataki za boksi jingine. Kumi na moja.

Bata bukini wanapita juu kuelekea kusini, makundi kwa makundi. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma na kuwasikiliza hadi miguu ikafa ganzi. Curtis hajapiga simu. Siku zote Jumamosi yeye hupiga.

Jumatatu, 23 Septemba

Kumi na mbili. Mashine inanichukia.

Jumamosi, 28 Septemba

Sasa naweza kuandika.

Baada ya chai nilishuka nikiwa nimejiapiza kwamba leo itakubali, hata kama ni kwa nguvu. Nikajaza mrija. Ishirini za kwanza, mbili mbovu. Thelathini, tano. Mnamo ya hamsini na kitu wenzo ulikwama katikati. Fataki imeingia nusu, imelala upande. Ninajua kinachotakiwa hapo. Nimewafundisha watu wengi kinachotakiwa hapo: unasimama, unaondoa mrija, unatoa ganda taratibu. Nilikuwa nikiwaambia, mashine ikikataa, ina sababu, iulize, usiipige.

Nilishika wenzo kwa mikono miwili na kusukuma kwa kifua.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka mwanga mweupe na kwamba chumba kilikuwa kimya sana, kimya kizuri, kama theluji inapoanza. Fataki zote zilizobaki ndani ya mrija zilikuwa zimelipuka kwa pamoja. Koti la chuma linaloukinga mrija limezuia vipande visije usoni; nguvu yote imekwenda juu, na kile kijiti kizito kinachozikandamiza fataki kimejichoma kwenye ubao wa dari, kimesimama kama mshale. Kopo la baruti halikushika moto. Miwani yangu ilikuwa na doa moja jeusi, mbele hasa ya jicho la kulia.

Marlys akateremka. Mdomo wake ulikuwa unasema, sikusikia. Akanishika uso, akanigeuza huku na huku kama anayechagua tikiti maji. Halafu akaketi kwenye ngazi akalia, na kilio chake pia sikukisikia. Nilibaki nimesimama namtazama mke wangu akilia bila sauti, nikawaza jinsi nywele zake zilivyo nyeupe sasa, lini zilikuwa nyeupe hivi.

Jumapili, 29 Septemba

Sikio la kushoto limerudi. Sikwenda kanisani. Baridi ya kwanza, nyasi zina barafu kama chumvi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mrija mpya na vifaa vingine vimefika kwa posta jana. Marlys alisema sitashuka peke yangu tena maisha yangu yote. Akateremka na kikombe chake, akavaa miwani yangu ya akiba, akakaa kwenye kigoda.

Nikafunga kila kitu upya. Tumeanza bila baruti, fataki kumi tu mrijani. Nikavuta na kusukuma. Ganda la kwanza sawa. La pili juujuu. La tatu sawa. La nne tupu.

"Unaona?" nikamwambia. "Kila kitu kipya, na bado."

Alikuwa hatazami mashine. Alikuwa anautazama mkono wangu.

"Hebu niache nijaribu."

"Wewe? Miaka yote hii hujagusa hata ganda."

"Ndiyo maana. Sogea."

Nikampa wenzo. "Vuta chini. Sasa juu. Sasa sukuma mbele hadi mwisho, usiuhurumie."

Akasukuma. Chini kabisa ya mwendo ule kukatoka sauti ndogo, *nyek*, kama mtu anayevunja kijiti ndani ya mfuko wa koti. Naijua sauti hiyo. Ni fataki inayokaa mahali pake. Na papo hapo nikajua kwamba sijaisikia tangu kiangazi, na kwamba sikuwa nimegundua kuwa siisikii.

Akafanya ya pili. *Nyek*. Ya tatu. Kumi. Tukaongeza fataki, akafanya hamsini. Mwanamke ambaye anaogopa hata mlango wa tanuri ukigonga, alisukuma mara hamsini, na zote zilikaa, laini, sawasawa, kama zimemiminwa.

Nikachukua wenzo tena. Safari hii nilitazama. Mkono wangu ulishuka, ukapanda, ukasukuma. Nami ndani yangu nilihisi nimegota mwisho. Lakini wenzo ulikuwa umesimama upana wa vidole viwili kabla ya mwisho. Nikajaribu tena. Vidole viwili. Kwa wiki sita nimekuwa nikisafisha, nikibadilisha, nikikaza na kulegeza kila kitu kwenye meza ile isipokuwa kitu kimoja.

"Umejua tangu lini?" nikamuuliza.

"Sijui ninachokijua, Lee. Najua ukitembea mkono huo haupungi. Umelala tu ubavuni. Na unaniambia chakula hakina harufu. Na ndoto."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili. Ulisema umechoka."

Jumapili, 6 Oktoba

Nimekaa chini na mashine bila kuigusa. Nimeomba radhi kwa chuma.

Jumanne, 15 Oktoba

Daktari ni mama wa makamo anayeitwa Yoder, ana viatu vya kimya. Alinifanya nigonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka: wa kushoto ukaenda kama cherehani, wa kulia ukaanza vizuri halafu ukawa mdogo, mdogo, ukalala. Alinitembeza kwenye korido. Aliuliza kuhusu harufu, na hapo nikadhani anapiga porojo tu. Aliuliza kuhusu ndoto. Marlys akajibu kabla yangu: "Anapigana na ng'ombe."

"Hatetemeki," nikasema, kana kwamba tunamzungumzia mtu mwingine. "Yaani, sitetemeki."

"Si wote wanaotetemeka," akasema. "Wengine mkono huanza kwa kufupisha kazi. Unakusudia mwendo mzima, mwili unatoa robo tatu, na wewe unaamini umeutoa wote. Unaitwa ugonjwa wa Parkinson. Tutaanza na vidonge, tutaona baada ya wiki sita, na utakwenda kwa mtaalamu wa mazoezi. Si mwisho wa mambo, Bwana Tveit."

Akanipa karatasi niandike sentensi yoyote. Nikaandika kwamba leo hali ya hewa ni nzuri. Mwisho wa mstari maneno yalikuwa madogo kama yanaondoka kwenda mbali.

Nimerudi nyumbani nikafungua kitabu hiki ukurasa wa Agosti. Herufi zilikuwa kubwa kama maharage. Za wiki iliyopita ni kama sisimizi. Nimeandika wiki hizi zote na sikuona.

Theluji kidogo imeanguka mchana. Imetua juu ya mabua ya ngano bila haraka yoyote. Nimeitazama hadi Marlys akaniwekea koti mabegani. Siogopi, au naogopa kwa mbali, kama mtu anayesikia treni ya upande wa pili wa mto.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimekunywa kahawa na Wendell kwenye mgahawa wa karibu na ghala la nafaka, lile ghala nililolisimamia miaka thelathini na moja. Nilimwambia habari za daktari. Alikoroga kahawa yake muda mrefu, na yeye hatii sukari.

"Basi acha nikuambie na mimi," akasema. "Usinirushie kikombe."

"Sema."

"Unadhani kwa nini risasi zako hazikumkatalia mtu yeyote kiangazi chote, ila siku ile moja?"

Sikuelewa.

"Curtis," akasema. "Tangu Julai. Kabla hajagawa maboksi alikuwa anakaa ndani ya pikapu anapapasa vitako vyote, kimoja kimoja. Akikuta fataki imesimama anaitoa risasi hiyo, anaweka ya kwake ya dukani. Nilimkuta. Akaniomba nisiseme. Alisema, mzee atajua mwenyewe wakati wake."

Nikatazama nje. Lori la mbolea lilikuwa linapita, lirefu sana, kama halitaisha kupita.

"Na mimi nikamwita takataka," nikasema.

"Hukumwita yeye," akasema Wendell, "ulisema 'za kwenu'." Halafu akaongeza, "Ambayo ni mbaya zaidi, ukiniuliza."

Jumapili, 20 Oktoba

Marlys amenipeleka kwa Curtis. Akabaki garini na Joleen akatoka nyumbani, akaingia kukaa naye. Curtis alikuwa uani anabadilisha matairi, anaweka ya theluji. Hakusimamisha kazi.

"Curtis."

"Mzee."

"Mkono wangu unaumwa. Si maganda yako. Ni mimi."

"Joleen kaniambia." Akakaza nati moja. "Pole, mzee. Kweli kabisa, pole."

"Wendell naye kaniambia ulichokuwa unafanya. Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Baba mkwe, huwezi kusukuma wenzo? Ungenipiga na huo mkono uliobaki." Tabasamu lilikuja nusu, likarudi. "Na siku ile kosa ni langu pia. Ulinipa boksi mkononi, unanitazama. Niliona haya kuzipapasa mbele yako."

"Nilikutukana mbele za watu kwa sababu ya ugonjwa."

Hapo ndipo aliposimamisha kazi. Akaweka spana chini, akajifuta mikono, akanitazama sawasawa.

"Hapana, mzee. Fataki ni ugonjwa. Lakini hukuishia kwenye 'ndoo yako'. Ulisema takataka za kwetu. Nimekula mezani kwako miaka kumi na minne. Hilo halikutoka mkononi."

Upepo uliinua theluji nyepesi kutoka juu ya paa, ikameta kati yetu kama vumbi la makapi, ikatua.

"Halikutoka mkononi," nikasema. "Ni kweli."

"Basi."

"Jumapili ijayo utakuja? Mashindano ya mwisho ni tarehe mbili. Siwezi kujaza peke yangu."

"Jumapili nina zamu," akasema, akarudia matairi yake.

Alhamisi, 24 Oktoba

Vidonge vinanipa kichefuchefu. Mtaalamu wa mazoezi ananiamuru nitembee kwa hatua za mtu anayeruka madimbwi. Paka ananicheka.

Jumapili, 27 Oktoba

Nilikuwa nimelala kwenye kiti, naota niko chini ya mto Milk na maji ni ya joto na kila kitu kinatembea polepole, niliposikia *nyek*. Nikadhani ni ndani ya ndoto. *Nyek*. Halafu kling.

Nikashuka ngazi. Curtis yuko kwenye mashine, kavaa ovaroli ya reli, buti zimechuruzisha theluji sakafuni.

"Zamu nimebadilishana," akasema bila kugeuka. "Marlys kanifungulia. Kaa hapo kushoto, uweke maganda. Mkono wa kushoto si mzima?"

"Mzima."

"Basi fanya kazi, mzee. Usinitazame kama daktari."

Nikaweka ganda. Akavuta, akasukuma. Mwanzoni tulikuwa tunakosana, mimi nawahi, yeye anachelewa. Tukagongana vidole mara mbili, akaguna. Mnamo ya thelathini mwendo ukaja. Nje theluji inaanguka kwenye kidirisha, ndani shaba inashuka mkononi mwangu na kupanda kuwa risasi. Ilikuwa kama kukaa kando ya mtu anayeendesha, na wewe huna la kufanya ila kutazama nchi inavyopita.

Mia mbili. Sifuri mbovu. Kila moja nimeipapasa mwenyewe, mbele yake, na yeye akazipapasa tena mbele yangu.

Jumamosi, 2 Novemba

Mashindano ya mwisho wa msimu. Baridi ya kuuma, jua kali, theluji mpya hadi kwenye kifundo cha mguu, na watu kama ishirini wanapuliza vikombe vyao. Curtis alipiga raundi zote bila risasi hata moja kukataa. Amekuwa wa pili. Yule kijana wa Chester safari hii alikuwa bora tu, hakuna la kulaumu.

Wakati wa kukusanyika kwenye banda, kijana huyo mwenyewe akaja, akasema kwa nia njema kabisa, "Bwana Tveit, naona umeitengeneza mashine. Yalikuwa ni yale maganda kweli?"

Watu wakasikia. Wendell akajifanya anatafuta kalamu. Curtis alikuwa karibu na jiko la kuni, mgongo ametugeuzia, na mgongo ule ukatulia.

Nilikuwa nimejipangia maneno tangu Jumapili, nikiwa kitandani, nikiwa bafuni. Yote yakaniponyoka. Nikasema yaliyobaki.

"Maganda hayakuwa na kosa," nikasema. "Mkono wangu wa kulia umeugua. Ulikuwa haufiki mwisho, nami sikujua. Wa kulaumiwa nilikuwa mimi, Curtis akaficha ili nisiaibike. Siku hizi yeye ndiye anayevuta wenzo." Nikasikia sauti yangu ni ndogo, mtaalamu amesema nayo itapungua. Nikaipandisha. "Na neno nililosema hapa Septemba kuhusu watu wa kwao, hilo si la ugonjwa. Nililisema nikiwa mzima. Naliondoa mbele yenu kama nilivyolitoa mbele yenu."

Kuni zikapasuka jikoni. Wendell akasema, "Haya jamani, kahawa inapoa," na watu wakaanza kusogea tena, mmoja akanigusa bega, mwingine akatazama viatu vyake, kila mtu kwa namna yake.

Tukatoka kwenda garini. Upepo ulikuwa umegeuka kutoka Kanada na koti langu lilikuwa wazi. Nikajaribu zipu. Vidole vilishika kile kijino, vikakosa, vikashika, vikakosa. Zamani ningesingizia glavu, au ningekwenda wazi hivyo hivyo hadi garini. Watu bado walikuwa mlangoni mwa banda, wanatuona.

"Curtis," nikaita. "Njoo unifungie koti."

Akarudi hatua tatu kwenye theluji. Akavua glavu zake, akazishika kwa meno, akainama mbele yangu kama mtu anayefunga mkanda wa mtoto, akaiingiza zipu na kuipandisha polepole hadi kidevuni, hadi mwisho kabisa, ikagota.

"Twende, mzee," akasema. "Marlys ameshawasha gari."